Mwinyi, Deng na Mashamba ya Shinyanga

Januari 1977, Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya mambo yaliyotokea Shinyanga na Mwanza. Kwa miaka kadhaa vikongwe, wengi wao wanawake, walikuwa wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi. Mwaka 1976 vyombo vya dola vikaingia huko Usukumani, nchi ya Wasukuma, kukomesha mauaji hayo. Watu walikamatwa kwa mamia. Waliohojiwa wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa wale waliotumwa kuokoa roho za watu. Mwinyi hakuwa ametoa amri ya kumtesa yeyote, lakini polisi walikuwa wa wizara yake, akaubeba mzigo. Peter Siyovelwa, waziri aliyeshughulikia usalama, akaondoka pamoja naye, na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga nao wakaachia ngazi.

Mwezi huohuo mjini Beijing, mzee wa miaka 72 aliyeitwa Deng Xiaoping alikuwa amekaa bila kazi. Katika muongo mmoja alikwisha kung'olewa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, alipopelekwa mkoa wa Jiangxi akafanya kazi ya mikono katika karakana ya matrekta. Mara ya pili ilikuwa Aprili 1976. Mao Zedong alifariki Septemba mwaka huo, na Julai 1977 Deng akarudishwa kwenye nafasi zake. Mwinyi naye hakusahaulika. Alipelekwa Misri kuwa balozi, akarudi nyumbani akapewa tena uwaziri, na mwaka 1984, Aboud Jumbe alipoachia madaraka, yeye akawa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Tarehe 15 Aprili 1985 watu hawa wawili, ambao kila mmoja alikuwa ameonja kushushwa na kupandishwa, walikaa pamoja Beijing wakazungumza.

Sehemu ya mazungumzo yale ilichapishwa baadaye katika mkusanyiko wa hotuba za Deng. Nimeyarudia mara nyingi nikiwa na Shinyanga akilini, kwa kuwa aliyoyasema Deng siku ile yalianza na mkulima. Bandari, viwanda na wageni wenye mitaji vilifuata nyuma. Tanzania ilipokuja kufungua milango, ilianza na duka, na mkulima wa pamba akabaki akisubiri zamu yake. Usukumani zamu hiyo ilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga Dar es Salaam wala Beijing.

Ili kuelewa uzito wa maneno yale, turudi nyuma kidogo. Mwalimu Nyerere alikwenda China kwa mara ya kwanza Februari 1965, na Juni mwaka huohuo Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Mwalimu alivutiwa na jinsi Wachina walivyoishi bila anasa na kufanya kazi kwa kujinyima. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kikafunguliwa Ubungo kwa msaada wa China, na pamba ya Kanda ya Ziwa ikapata mashine za kuisokota na kuifuma hapahapa nchini. Baadaye ikaja reli ya TAZARA. Ujamaa wa Mwalimu haukuwa nakala ya China. Neno lenyewe linatoka kwenye jamaa, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijengwa juu ya mawazo yake mwenyewe. Hata hivyo viongozi wa nchi zote mbili waliamini jambo moja, kwamba mkulima aliyetawanyika hawezi kuendelea mpaka akusanywe.

Msukuma wa Shinyanga ni mkulima aliyetawanyika kwa hiari yake. Mji wake ulizungukwa na minyaa, mashamba ya mtama na pamba yakiwa karibu, na pembeni kukiwa na ngitili, yaani malisho yaliyofungwa. Masika ikianza, mwenye mji hufunga sehemu ya ardhi yake, ng'ombe wasiingie. Nyasi hukua, zikakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikaza, kule mbugani udongo mweusi ukipasuka nyufa za kumeza mguu, ndipo ngitili hufunguliwa kwa ndama, kwa maksai watakaolima, na kwa ng'ombe walioishiwa nguvu. Ni benki ya nyasi, na funguo zake alikuwa nazo mwenye mji pamoja na majirani waliojua mpaka wake.

Usukuma pia ulikuwa na chombo chake cha kisasa. Miaka ya 1950, chini ya Paul Bomani, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliunda shirikisho la vyama vya ushirika lililokuwa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Walijenga viwanda vya kuchambulia pamba kwa makato yaliyotoka kwenye mizani yao wenyewe. Nalisema hili kwa msisitizo, kwa maana mara nyingi huyu mkulima huandikwa kama mtu aliyekuwa akingoja kufundishwa kushirikiana.

Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kuwa kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba ikifika mwisho wa mwaka 1976 kila mwananchi wa vijijini awe amehamia. Shinyanga, operesheni ya kuwahamisha watu ilishika kasi mwaka 1974, wakati wa kiangazi, ili watu wawahi kujenga kabla ya mvua. Wazee husimulia malori yakifika asubuhi. Kwanza hupakiwa mahindi na mtama, halafu jiwe la kusagia, vyungu, milango na nguzo za paa, kwa kuwa miti ya kujengea ilikuwa adimu na mtu aliona heri aende na nguzo zake. Penye ubishi, nyumba ilibomolewa au kuchomwa mwenyewe akiangalia. Walishushwa kwenye uwanja uliopigwa mistari, kila kaya na kiwanja chake, mashamba yakiwa mbali kwa mwendo wa saa nzima au zaidi. Nchi nzima ilihama hivyo, na kufikia mwaka 1977 watu wapatao milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi vijijini.

Nakiri kwamba shule zilijengwa, zahanati zikafunguliwa, na watoto wengi wa Kisukuma walishika kalamu kwa sababu ya vijiji vile. Lakini ngitili zilibaki huko nyuma bila mwenyewe. Ardhi iliyokuwa na jina la mtu ikawa ya kila mtu, ng'ombe wakaingia masika na kiangazi, na wakataji kuni wakafuata. Eneo hilo tayari lilikuwa limechoka, kwani tangu enzi za wakoloni misitu ilifyekwa kupunguza mbung'o, kisha pamba ikasukuma miti mbali zaidi. Mwaka 1976 serikali ikavunja pia vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi wa pamba ukahamia kwenye mamlaka ya umma. Mkulima alipima pamba yake, akarudi nyumbani na stakabadhi, akangoja fedha.

China ilikuwa imepita njia hiyo kabla yetu, tena kwa gharama ya kutisha. Mwaka 1958 Mao alianzisha vuguvugu la kuruka kwa kasi kuelekea maendeleo, na mamia ya mamilioni ya wakulima wakaingizwa katika komuni za umma. Jikoni za nyumbani zilifungwa, watu wakala kwenye mabwalo. Viongozi wa chini waliogopa kusema ukweli, wakapeleka juu takwimu za mavuno ambayo hayakuwapo, na serikali ikachukua nafaka kwa kufuata takwimu hizo. Kati ya mwaka 1959 na 1961 njaa iliua watu kwa makumi ya mamilioni. Deng hakuwa mtazamaji, alikuwa Katibu Mkuu wa chama miaka hiyo. Anayesimulia mageuzi yake bila kulitaja hilo anamwonea msomaji.

Mwishoni mwa mwaka 1978, katika kijiji cha Xiaogang mkoani Anhui, kaya 18 zilikubaliana kwa siri kugawana mashamba ya kikosi chao cha uzalishaji. Kila kaya ingelima sehemu yake, ingetoa fungu la serikali, na kinachobaki kingekuwa chao. Waliweka alama za vidole kwenye karatasi, kwa kuwa wakigundulika wangeweza kufungwa. Mavuno yaliyofuata yaliwashangaza hata wao. Wan Li, aliyekuwa kiongozi wa chama mkoani humo, aliwakingia kifua, na Deng akaunga mkono kutoka juu. Ardhi haikuuzwa, iliendelea kuwa ya pamoja kisheria, ila kaya ilipewa mkataba wa kuilima, na mwaka 1984 muda wa mkataba ukapanuliwa hadi miaka 15 na zaidi. Uzalishaji wa nafaka wa China ulipanda kutoka takriban tani milioni 305 mwaka 1978 hadi tani milioni 407 mwaka 1984.

Kwa hiyo Mwinyi alipofika Beijing Aprili 1985, Deng alikuwa na jambo la kuonyesha. Alimwambia mgeni wake kwamba ushirika wa mwanzo na ugawaji wa ardhi ulifanikiwa, lakini kuanzia mwaka 1957 chama kilikwenda mrama. Komuni zilipofanywa kubwa na za pamoja kupita kiasi, watu wote wakala chungu kimoja, balaa likaikumba nchi. Alikiri kwamba kwa miaka 20 kipato cha mkulima na cha mfanyakazi kiliongezeka kidogo mno. Akasema funzo walilopata ni kwamba umaskini hauwezi kuitwa ujamaa, na kwamba anayejenga ujamaa ni yule anayekuza uzalishaji na kuinua maisha ya watu. Mageuzi yalianzia vijijini kwa kuwa huko ndiko walikokuwa asilimia 80 ya Wachina, na baada ya hapo tu ndipo walipogeukia mijini, kazi aliyoiona kuwa ngumu na yenye hatari zaidi.

Mtanzania akiyasoma hayo kwa Kiswahili, moyo unashtuka. Neno letu kwa siasa waliyoijadili ni lilelile lililobandikwa juu ya vijiji vya Shinyanga. Na aliyekuwa akisikiliza ni mtu ambaye miaka minane nyuma alipoteza kazi kwa sababu ya Shinyanga. Sitajifanya najua Mwinyi aliwaza nini katika chumba kile. Lakini kiongozi gani wa Tanzania wakati ule angeweza kumsikia kiongozi mkuu wa nchi rafiki akihesabu makosa ya chama chake waziwazi, asikumbuke foleni za sabuni na sukari alizoziacha nyumbani?

Tarehe 5 Novemba 1985 Mwinyi aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania. Mwaka uliofuata serikali yake ilifunga mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa thamani, na milango ya biashara iliyoanza kulegezwa mwaka 1984 ikafunguliwa zaidi. Watu walimwita Mzee Ruksa. Shinyanga mjini maduka yalijaa kanga, betri na mafuta ya kupikia, na baiskeli kutoka China zikabeba magunia mpaka kijiji cha mwisho. Aliyeishi miaka ya uhaba hawezi kudharau furaha ile.

Ruksa ikafika pia kwenye dhahabu. Vijana walioona pamba hailipi walikwenda Geita na Kahama na sururu. Huko mtu akipata mwamba huchimba duara, akashuka kwa kamba, na mawe yakipanda juu hupelekwa kwenye mwalo kusagwa, kuoshwa na kukamatwa kwa zebaki. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu moja kwa moja kwa wachimbaji kwa bei iliyokaribia ya soko, na dhahabu iliyokuwa ikipita njia za panya ikaanza kuonekana kwenye hesabu za taifa. Uwazi huo haukudumu. Agosti 1996, Mwinyi akiwa amekwisha kustaafu, wachimbaji wadogo kwa maelfu waliondolewa Bulyanhulu ili kuipisha kampuni kubwa ya kigeni. Madai kwamba wengine walifukiwa mashimoni yamebishaniwa tangu hapo, na maumivu yake bado yanasikika Kahama. Mgodi mkubwa wa Geita ukaanza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Serikali ilirudi kudai hisa asilimia 16 za Bulyanhulu kupitia kampuni ya Twiga karibu miaka 20 baadaye. China ilipofungua Shenzhen kwa wageni mwaka 1980, dola ilikaa mezani tangu siku ya kwanza, na tofauti hiyo inaonekana hadi leo.

Deng alikutana pia na Mwalimu. Ilikuwa tarehe 23 Novemba 1989, Mwalimu akiwa Mwenyekiti wa CCM na wa Tume ya Kusini. Ukuta wa Berlin ulikuwa umefunguliwa wiki mbili tu nyuma. Juni ya mwaka huo jeshi la China liliwafyatulia risasi raia waliodai demokrasia mjini Beijing, na Deng ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Alimwambia Mwalimu kwamba vita baridi moja inakwisha lakini mbili zinaanza, moja dhidi ya nchi za Kusini na nyingine dhidi ya ujamaa, na kwamba China haitaruhusu jambo lolote liiondoe kwenye njia ya ujamaa. Mageuzi ya uchumi yangeendelea, chama kikibaki kimoja.

Hapa njia zao ziliachana, nami najivunia tulikoelekea. Mapema mwaka 1990 Mwalimu, mtu aliyejenga chama kimoja kwa mikono yake, alisema hadharani kwamba mfumo huo si jambo takatifu na Watanzania waujadili. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima ikiwasikiliza watu, na mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Kwa Deng, kupanua demokrasia kulikuwa na kikomo, na kikomo hicho kililindwa na vifaru. Aliyemweleza Mwinyi mwaka 1985 kwamba China itapanua demokrasia ndiye huyohuyo wa Juni 1989, na busara yake juu ya mkulima haiifuti damu ile.

Shinyanga, wakati huohuo, ilikuwa na utawala wake ulioota kutoka chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipozidi na polisi wakawa mbali, vijiji vya Kahama na Shinyanga viliunda sungusungu, vikundi vya ulinzi vyenye pinde na mishale na filimbi. Serikali ilisita, kisha ikawakubali, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Ng'ombe walipungua kuibiwa. Katika baadhi ya vijiji sungusungu haohao waliwatesa vikongwe, na ukoo wa dhambi ile ya miaka ya 1970 ukaendelea. Mamlaka yanaporudi kijijini hurudi na mazuri na mabaya ya kijiji.

Katikati ya miaka hiyo Mwalimu aliuona mkoa ulivyopauka, akauita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986, mwaka wa kwanza kamili wa Mwinyi Ikulu, ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliufupisha HASHI. Mabwana misitu walianza na vitalu vya miche na amri za kupanda miti. Miche mingi ililiwa na mchwa na mbuzi. Wakaanza kuuliza wazee, na wazee wakawaonyesha visiki vya migunga ardhini ambavyo vingechipua vyenyewe endapo ng'ombe wangezuiwa. Kwa maneno mengine, warudishieni watu ngitili zao.

Ndivyo ilivyokuwa. Watu walikuwa tayari wameanza kurudi kimyakimya kwenye mahame yao ya zamani tangu mkono wa operesheni ulipolegea. Ngitili zilizohesabiwa mwaka 1986 zilikuwa na ukubwa wa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika mkoa wa wakati ule uliojumuisha pia maeneo yaliyo sasa Simiyu na Bukombe. Baadhi ni za kijiji au shule, na nyingi ni za kaya moja moja. Sheria zake hutungwa na mkutano wa jadi, dagashida, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hutozwa faini na watu anaowafahamu kwa majina. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hakuna mtu wa Xiaogang aliyewahi kusikia habari za ngitili, wala mzee wa Kisukuma aliyehitaji habari za Xiaogang ili achomeke tawi la mnyaa kwenye mpaka wake. Ila nikiyaweka pamoja naona kaya ileile ikipewa kipande chake na kuachiwa ikitunze.

Pamba haikubahatika hivyo. Soko lilipofunguliwa mwaka 1994, wanunuzi binafsi walifika na fedha taslimu, na mkulima aliyechoka na stakabadhi akawapokea kwa shangwe. Muda si mrefu hakukuwa na wa kumkopesha mbegu na dawa, ubora ukashuka, na vyama vya ushirika vilivyofufuliwa miaka ya 1980 vikazama kwenye madeni. Zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania inatoka kanda hii, na sehemu kubwa yake inasafirishwa nje ikiwa bado haijasokotwa. Deng alianza na bei na mkataba wa mkulima. Sisi tulimfungulia mkulima soko tukasahau kumpa nguvu ya kusimama ndani yake.

Wachina wenyewe sasa wako Shinyanga. Mwaka 2021 lilianza kujengwa tuta la reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishana, kazi iliyopewa kampuni za China. Mwaka 2022 huko Kibaha kilifunguliwa chuo cha uongozi chenye jina la Mwalimu, kilichojengwa kwa msaada wa chama tawala cha China kwa ajili ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Makada wanakaa madarasani kujifunza utawala na maendeleo. Ningependa wapewe kusoma ukurasa ule wa Aprili 1985, halafu wapandishwe basi mpaka Shinyanga.

Wafike Oktoba, kabla ya mvua. Barabarani vumbi limekaa kwenye majani kama unga. Ng'ombe wa kijiji wamelala chini ya mti mmoja, mbavu zikihesabika. Kushoto, bila ukuta wala waya, nyasi za rangi ya shaba zimesimama hadi kiunoni, na migunga iliyochipua kwenye visiki vya zamani inatupa kivuli. Mwenye ngitili anaondoa matawi ya miiba yaliyoziba njia ya kuingilia. Anawapitisha maksai wanne, mmoja mmoja, anamzuia wa tano kwa fimbo, kisha anarudisha miiba mahali pake na kutazama mawingu upande wa ziwa.